Soko la Jumamosi na Picha ya Mke Wangu

Jumatano ya kwanza ya mwezi wa tatu, mwaka jana, asubuhi, nilimpoteza mke wangu. Jumatatu alisema kifua kinambana. Jumanne tulimpeleka hospitali kwa pikipiki, mimi nimekaa nyuma yake nikimshika asiyumbe, naye njia nzima akinikumbusha nisisahau kumjibu mama mmoja mkulima wa ng'ambo ya mto kuhusu makemba, ndizi zake za kupika. Jumatano akafa. Ninaanza na hilo kwa sababu yote yanayofuata yalitoka hapo, na sitaki kulificha nyuma ya maneno mengine.

Mimi ni fundi baiskeli. Nilisoma mpaka mwisho wa shule ya msingi, basi. Kibanda changu kiko mbele ya nyumba yetu, upande wa Mangobo, hapa Kisangani, na kazi yangu kubwa ni kutengeneza toleka, zile baiskeli zinazobeba watu na mizigo mji mzima. Mke wangu alikuwa mtu wa maneno. Mimi ni mtu wa minyororo na viraka. Tuliishi vizuri hivyo: yeye aliongea, mimi nilitikisa kichwa, na wageni walitoka wakidhani tumeongea wote wawili.

Yeye ndiye aliyeanzisha soko. Ushirika wa mtaa wetu zamani ulikutana kwa habari ya mifereji na takataka tu, na mara nyingi tuliachana tukiwa tumegombana. Siku moja mke wangu akasimama katikati ya mkutano akasema kwamba takataka zitabaki, hazikimbii, lakini pondu ya wakulima wa ng'ambo ya mto inaoza kila wiki pale kivukoni huku sisi tunakula majani ya juzi. Alikuwa anatoka kule asubuhi hiyo. Alikuwa amemwona mama mmoja akiwamwagia mbuzi mafungu mazima ya pondu, majani mabichi ya muhogo, kwa sababu wanunuzi wa kivukoni, wale wanaonunua kwa jumla, walitaja bei yao na kumgeuzia mgongo. "Simu tunazo," mke wangu alisema. "Kila siku tunatumiana video za watu wanaoanguka kwenye matope. Tutumiane pondu."

Watu walicheka, na soko likaanza. Alhamisi wakulima wa ng'ambo, na wengine wa barabara ya Yanonge, walituma habari ya walichonacho shambani. Mke wangu aliweka picha kwenye grupu ya simu, akisema kwa sauti yake kila kitu kikoje: makemba haya yameiva nusu, hii lenga-lenga, mchicha wetu, ina matundu kidogo lakini ni tamu, safu, yale matunda ya kuchemsha, wiki hii ni kali, msizinunue kama mna wageni. Hakumficha mteja kitu. Ijumaa watu waliagiza. Jumamosi asubuhi mzigo ulifika uani kwetu, akina mama wa ushirika wakaugawa nyumba kwa nyumba, na wenye toleka wa mtaa wakausambaza. Pesa zilikuwa za wakulima; sisi wa mtaa hakuna aliyelipwa. Kilichobaki tuligawana, na kama hakikubaki kitu tuligawana hadithi. Mimi kazi yangu ilikuwa kuhakikisha magurudumu yana upepo.

Sasa niseme jambo moja kuhusu siku aliyokufa, kwa sababu lina maana baadaye. Walipomrudisha nyumbani, ligablo zote za avenyu yetu, vile vibanda vya sabuni na sukari, zilifungwa. Mama anayekaanga mikate pale kona alifunika karai lake. Ndivyo tunavyofanya huku kwetu. Mwili ukiwa bado uko uani, hakuna anayeuza mbele yake. Hata mtoto akililia biskuti anaambiwa anyamaze. Mwili ukishatoka kwenda makaburini, vibanda vinafunguliwa kimoja kimoja, taratibu, na watoto wanatumwa tena chumvi. Mimi mwenyewe nimefunga kibanda changu mara nyingi kwa ajili ya marehemu wa watu wengine. Siku ile nilivisikia vikifungwa kwa ajili yangu.

Mchana huohuo mama prezida, kiongozi wa ushirika wetu, aliweka picha ya mke wangu juu ya grupu ya soko, mahali palipokuwa na picha ya kikapu cha mboga. Mama prezida ni mtu wa familia ya Maniema, Mwislamu, mwenye sauti ya kuita gari la mbali, na alimpenda mke wangu kama mdogo wake. Picha aliichukua kwenye arusi ya mpwa wetu. Mke wangu amevaa kitenge cha kijani na hereni za kuazima, na anatazama kamera kama mtu anayedai chenji yake.

Tulimzika. Watu waliolala uani kwetu walirudi makwao. Watoto wetu, waliokuja kutoka mbali, walirudi mbali. Kaka mkubwa wa mke wangu, bokilo wangu, akarudi kwao Isangi kwa boti. Nikabaki na kibanda, sufuria kubwa kuliko njaa yangu, na simu yake.

Jumamosi ya kwanza hakuna aliyeshangaa kwamba hakukuwa na soko. Baadaye mama prezida alianza kuweka picha za mazao mwenyewe, na sauti yake akaipunguza kwa heshima. Aliweka picha ya makemba. Watu wakajibu kwa vile vipicha vya mishumaa na mikono ya kusali. Akaweka pondu. Wakajibu: poleni sana, pumzika kwa amani mama yetu. Akaweka safu. Mtu mmoja akatuma zaburi nzima.

Maagizo hayakuja. Wiki iliyofuata pia hayakuja, na iliyofuata yalikuja mawili, yote kutoka kwa akina mama wa ushirika wenyewe, ambao kwa kweli walikuwa wananunua kwa huruma.

Ninakumbuka Jumamosi moja ya wakati ule. Mzigo ulifika uani kama kawaida, kwa sababu wakulima walikuwa bado wanatuamini. Wenye toleka walikuwa wamepanga baiskeli zao ukutani. Mmoja wao, mrefu, mwenye mzaha hata kanisani, alinifuata nikiwa nimeinama kwenye gurudumu.

"Papa fundi, leo tutapakia nini? Upepo?"

"Upepo nimeuweka tayari kwenye tairi," nikamwambia.

"Bon, donc nitaenda kuuza ule."

Alicheka peke yake, kisha akaona mama wa ng'ambo anakuja na akarudi kwenye baiskeli yake. Huyu ndiye mama ambaye mke wangu alimwona akiwamwagia mbuzi mboga, siku ile ya kwanza. Analima upande wa Lubunga, ana mashamba mawili ya makemba na wajukuu wengi, na tangu soko lianze hakuwa amemuuzia tena mnunuzi wa kivukoni hata kidole kimoja cha ndizi. Aliketi juu ya gogo mbele yangu. Hakupaza sauti.

"Papa, mi sikukasirikie. Unajua vile nilimupenda mama."

"Najua."

"Lakini makemba haingojake. Inaiva hata kama tunalia." Alitazama mikungu yake iliyolala kwenye kivuli cha ukuta. "Bale banunuzi ba kivuko banacheka. Bananiuliza: soko yenu ya simu, betri imekufa? Kama wiki inakuya iko vile, mi nitabarudilia. Niko na bajukuu."

Nilimwambia nimesikia. Alipoondoka, mama prezida alisema kwamba mama huyo akienda, wa Yanonge nao wataenda, na ushirika utarudi kugombania mifereji. Nilijua anasema kweli. Na nilijua pia kwamba katika vitu vyote alivyoacha mke wangu, soko ndilo pekee lililokuwa bado linatembea. Viatu vyake vilikaa palepale. Kitenge chake kilikaa palepale. Soko lilikuwa na miguu yake, na lilikuwa linasimama mbele ya macho yangu.

Tulitafuta sababu. Mama prezida alisema ni megabaiti, zimepanda. Mwenye toleka mrefu alisema labda kuna mtaa mwingine umetuiga. Mama mmoja wa ushirika alisema polepole kwamba labda wateja hawakuwa wanapenda soko, walikuwa wanampenda mke wangu. Neno hilo liliniuma, na pia lilinifurahisha, vyote kwa pamoja. Nilienda kulala nalo.

Kila asubuhi, kabla sijanawa uso, nilifungua simu yake na kuitazama grupu. Sikuwa natafuta maagizo. Nilikuwa natazama ile picha. Picha zetu za zamani zililowa mvua ilipoingia chumbani miaka ya nyuma, na ile ya arusi yetu imebaki suti yangu tu na mkono wake. Hii ya kwenye grupu ilikuwa ya juzi, ilikuwa wazi, ilikuwa yeye. Niliishika simu karibu na uso, na ikizimika taa nilibonyeza tena.

Aliyetufungua macho ni muuguzi mmoja, mteja wetu wa siku nyingi. Alikuja Jumapili mchana kunisalimia, akitoka sokoni, na alipoingia uani alimkuta mama prezida amekaa kwenye mkeka anachambua lenga-lenga iliyokosa mnunuzi. Muuguzi akaficha mfuko wake nyuma ya sketi. Hakuwahi.

"Mama infirmière," mama prezida alisema bila kuinua kichwa, "ile nyuma yako ni pondu?"

"Ni pondu."

"Ya wapi?"

"Ya soko kubwa."

"Aaah. Na ya kwetu iko na nini? Iko na misumari?"

"Prezida, usinitese. Papa iko hapa."

"Papa naye anataka kujua. Papa, hautake kujua?"

Nilisema ningependa kujua, kama haimsumbui. Nilimpa kiti. Muuguzi alikaa, akaweka mfuko wake chini, sasa hakuufichia tena mtu yeyote.

"Mutanisamehe," alisema. "Nitaandika namna gani? Ijumaa nafungua simu, nataka kuagiza. Njo namuona mama pale juu. Ananiangalia. Nianze kuandika 'muniletee mafungu mbili ya pondu, na pilipili'? Mbele ya mwili?"

"Mwili gani?" mama prezida aliuliza. "Si tulimuzika? Si ulikuwa kwa makaburi, ulivaa ile viatu mbaya?"

"Kwa makaburi, ndiyo. Kwa simu, bado. Kwa simu mwili ingali katika parseli, ingali uani. Juu ya nini munafikiri batu banatuma mishumaa? Sisi wote tunangoja mwili itoke. Ligablo gani inafunguliwa mwili ikiwa ndani?"

Mama prezida aliacha kuchambua. Jani alilolishika lilibaki mkononi. Sote watatu tulitazamana, na nikawakumbuka watu wote wale waliokuwa wanapita mbele ya grupu yetu wakiinamisha vichwa, wakiacha mshumaa, na kwenda kununua mbali ili wasitukosee heshima. Hakuna aliyetukimbia. Walikuwa wametufungia vibanda vyao, wiki baada ya wiki, wakisubiri sisi wenyewe tutoe ishara, na sisi tukisubiri wao.

"Njo kusema ni mimi niliua soko," mama prezida alisema.

"Hakuna mutu aliua kitu," muuguzi alijibu. "Lakini mumutoe."

Mama prezida alinisogezea simu yake, kisha akairudisha. "Hapana. Mi siwezi. Mutu anatolewa na jamaa yake. Uite bokilo yako."

Nitasema ukweli: nilitamani bokilo akatae. Nilipompigia bokilo wangu kule Isangi, sehemu yangu moja ilikuwa inaomba aseme picha isiguswe mpaka siku ya kuondoa matanga, ambayo ilikuwa mbali. Ningekuwa na sababu. Ningemwambia mama wa ng'ambo: si mimi, ni jamaa.

Bokilo wangu ni mvuvi, mtu mzito wa kuongea, na simu huishika kama inaweza kumng'ata. Nilimweleza yote.

"Unataka kumutoa mbio vile?" aliuliza.

Nilimwambia mimi sitaki, ni makemba.

"Usiguse kitu," alisema. "Nakuya."

Alhamisi ilifika kabla yake. Mama prezida aliweka picha za mazao kama kawaida, kwa sababu wakulima walikuwa wameshatuma habari, na mishumaa ikaja kama kawaida. Ijumaa baada ya chakula cha mchana bokilo wangu aliingia uani akiwa na samaki wa kukaushwa kwenye kikapu na boti bado iko kwenye miguu yake, anatembea akiyumba kidogo. Hakuwa amekaa vizuri wakati mama wa ng'ambo naye alipoingia, na nyuma yake mwenye toleka mrefu, baiskeli imepakiwa mikungu mpaka usukani hauonekani.

Mama hakuwa ameleta mikungu ile kwetu. Alisema wazi. Mnunuzi alikuwa anamngoja kivukoni, wameshakubaliana bei, ile mbaya. Alikuwa amezunguka kupita kwetu kwa sababu alisikia kaka wa marehemu amefika, na haikufaa apite bila kumpa pole. Akakubali chai. Akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu asiyekaa.

Bokilo wangu aliomba aone picha. Nilimpa simu. Aliishika mbali na macho, akaileta karibu, akaipeleka mbali tena.

"Nani alichagua hii?"

Mama prezida aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Hapa amekasirika," bokilo wangu alisema. "Angalia mudomo. Hii ni mudomo ya kiatu."

Ilikuwa kweli. Siku ya arusi ile mke wangu alivaa viatu vipya vya kisigino, na vilimuuma toka kanisani, na kila aliyemwomba picha alimtazama kama adui. Nilikuwa nimeyasahau maumivu yale. Nilianza kucheka. Bokilo wangu akaanza, kifua chake kikubwa kikitikisika, na mama prezida akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Hata mama wa ng'ambo aliweka kikombe chini.

"Wiki zote hizi," alisema, "tunamuacha asimame na bile viatu!"

Tulipotulia, bokilo wangu alitazama mikungu kwenye baiskeli, kisha akamtazama mama wa ng'ambo, kisha mimi. Aliuliza mambo machache kuhusu soko, jinsi linavyokwenda, nani anabeba, nani anapata nini. Mimi nilidhani analijua. Hakulijua. Mdogo wake alikuwa amemwambia tu kwamba anafanya "kazi kidogo ya mboga".

"Matanga itaondolewa siku yake," alisema mwishoni. "Ile ni ya jamaa, na ile haiguswe. Lakini mwili haikalake katika njia ya batu." Alisogeza kiti chake kikagusana na changu. "Kwetu, mwili ikitoka, wanaume ba jamaa njo banashika mbele. Shika huko."

Nikashika simu upande mmoja, yeye upande wa pili, kama tunavyoshika jeneza. Ilikuwa kitu kidogo mno kwa mikono minne ya wanaume wazee, na vidole vyetu viligongana. Alisali, kwa ufupi, kwa lugha ya kwao. Mama prezida akasema amina kwa namna yake. Mama prezida ndiye aliyetuonyesha wapi pa kubonyeza. Kidole kilikuwa changu.

Picha iliondoka. Mahali pake palibaki duara la kijivu. Nilingoja kitu kivunjike ndani yangu, na sijui kama kilivunjika. Nilichosikia ni mama wa mikate pale kona akimwambia mtu mafuta bado hayajapata moto.

"Sasa tuweke nini?" mama prezida aliuliza. "Haiwezi kubakia hivi, iko sawa na mutu hana uso. Papa, piga picha. Wewe."

"Mimi sijui."

"Njo utajua."

Nilienda kwenye baiskeli. Niliomba mkungu mmoja, na mama wa ng'ambo akasita, akatazama njia ya kivukoni, kisha akasema chukua. Niliulaza juu ya mkeka. Niliinama na simu ya mke wangu, nikabonyeza kama nilivyomwona akibonyeza, na kabla sijainua macho mama prezida alikuwa ameshaipokea na kuituma, kwa haraka yake, juu ya grupu na ndani ya grupu pia. Kisha akaitazama.

"Yesu wa Wakristo," alisema. "Papa, umetuuzia muguu."

Tukajaa wote juu ya simu. Makemba yalikuwepo, mazuri, ya kijani inayoanza kugeuka. Na pembeni, mbele kabisa, mkubwa kuliko mkungu, ulikuwepo mguu wangu wa kulia, ndani ya kandambili iliyoshonwa kwa waya, mweusi wa grisi mpaka kwenye kifundo.

"Ondoa," nikasema.

"Nitaondoa. Ngoja. Inaondolewa wapi tena?"

Alikuwa bado anatafuta pa kubonyeza simu ilipolia. Mwandishi alikuwa yule muuguzi.

"Makemba mafungu mbili," mama prezida alisoma. "Muguu mubakie nayo."

Simu ikalia tena. Mwalimu mmoja wa upande wa Tshopo aliuliza mguu unauzwa peke yake au pamoja na kandambili. Mwingine akaandika: papa fundi, osha kwanza, halafu niletee pondu. Mwingine pondu na safu. Mwingine akauliza kama lenga-lenga bado ipo, akasema pole amenipa ya kutosha, sasa watoto wake wana njaa. Ziliingia moja juu ya nyingine, mama prezida akizisoma kwa sauti yake ya zamani, ile ya kuita gari la mbali, mpaka majirani wakachungulia juu ya ua. Mshumaa ulikuja mmoja tu, na chini yake mtu huyohuyo akaagiza pilipili.

Mama wa ng'ambo alisimama. Alimwendea mwenye toleka mrefu, ambaye alikuwa bado ameshika usukani, tayari kwa kivukoni.

"Shusha," alimwambia.

"Yote?"

"Bale batacheka na batu bengine. Shusha yote."

Bokilo wangu ndiye aliyemsaidia kushusha.

Jumamosi asubuhi, kabla mzigo wa Yanonge haujafika, bokilo wangu alikwenda na simu kwa mpiga picha wa karibu na soko kubwa na kurudi na ile picha, ambayo bado ilikuwamo ndani ya simu, kwenye karatasi mbili. Moja aliikunja ndani ya Biblia yake kwa ajili ya Isangi. Ya pili aliipigilia yeye mwenyewe ndani ya kibanda changu, juu ya mahali ninapotundika minyororo, ambapo ninaiona nikiinua kichwa. Hakuniuliza. Mke wangu yuko pale na mdomo wake wa kiatu, na wateja wangu wengine humsalimia.

Uani kulijaa. Akina mama waligawa, waligombana kuhusu fungu kubwa na dogo, mama prezida aliwatisha wote. Toleka zilitoka moja moja. Baiskeli zilipokwisha na mizigo ikabaki, niliitoa baiskeli ya mke wangu, ambayo haikuwa imeguswa tangu siku zile, nikaitia upepo, nikafunga kikapu cha muuguzi nyuma yake, na kwenda mwenyewe. Sikuwahi kupeleka mzigo hata mara moja alipokuwa hai. Nilipotea njia kidogo nyuma ya hospitali, nikauliza, nikaonyeshwa.

Muuguzi alifungua mlango. Alitazama mguu wangu kwanza. Kisha akapokea kikapu.